Injini ndogo ya mkonge aliyoendesha babu: nikitengeneza mfano wake, mchoro wa injini ya Wales utanifaa?

Kijana wa Makorora:

Shikamooni wakubwa. Wenzangu, habari za jioni.

Kuna kazi imenikaa kichwani na sitaki kuianza kwa kubahatisha. Babu mzaa mama alikuwa dereva wa kile kichwa kidogo cha treni kilichokuwa kikivuta mkonge mashambani, upande wa Muheza. Sisemi treni ya abiria ya kwenda Moshi. Nasema ile ya reli nyembamba, iliyozunguka shambani kukusanya majani na kuyaleta kwenye korona, yaani mashine ya kusaga mkonge. Kilichobaki kwetu ni picha moja ya ukubwa wa kadi ya posta. Imepigwa kutoka ubavuni, babu amesimama kwenye ngazi, kashika nguzo ya kibanda. Nyuma ya picha hapana hata herufi.

Nataka mfano wa bati na shaba wa kuweka mezani kwa mama. Si lazima utembee kwa mvuke. Mimi ni fundi wa friji na viyoyozi, kwa hiyo kulehemu hakunisumbui. Kinachonisumbua ni vipimo. Michoro kamili niliyoipata mtandaoni ni ya injini za machimbo ya mawe ya kuezekea kule Wales, zilizoundwa na kiwanda cha Hunslet cha Leeds, hasa aina wanayoiita Alice, ya machimbo ya Dinorwic. Reli yake ina upana wa futi 1 na inchi 10¾, yaani kama milimita 578, na zetu za mkonge zilikuwa milimita 600. Magurudumu manne huku, manne kule. Nikiuchukua mchoro huo nikauongezea kibanda, itafaa?

Mpwa wa Chumbageni:

Ongeza kibanda, piga rangi nyeusi, kabidhi mama. Tanga hii nani atakukagua?

Mzee wa Karakana:

Mimi nitamkagua.

Marahaba mwanangu wa Makorora. Nimekula chumvi nyingi kwenye karakana ya reli, nikastaafu na mikono yangu yote miwili, kwa hiyo niruhusu niseme kwa urefu.

Mchoro wa Alice ni mzuri, lakini ni wa Alice. Ile injini ilikatwa kwa kipimo cha kazi yake. Machimbo ya Dinorwic yalichongwa mlimani ngazi juu ya ngazi, na kila ngazi ilikuwa na reli yake. Injini ilikuwa inasukuma na kuvuta vigari vya mawe kwenye ngazi hiyohiyo. Ndiyo maana Alice haina kibanda, wala haina kuba juu ya boila, na maji yake yako kwenye tangi lililokaa juu ya boila kama tandiko juu ya punda. Ukiitazama ubavuni unaona silinda, konrodi, yaani mkono unaotoka kwenye pistoni kugeuza gurudumu, na mkono unaounganisha magurudumu. Basi. Mitambo ya kuongoza valvu, zile zinazoingiza na kutoa mvuke kwenye silinda, imefichwa ndani, katikati ya fremu.

Sasa chukua picha ya babu, tafuta kioo cha kukuzia, kaa penye mwanga. Niambie maji yamewekwa wapi. Halafu angalia magurudumu kwa nje: kuna vyuma vingine zaidi ya hiyo mikono miwili mikubwa? Juu ya boila kuna nini? Na bomba la moshi limenyooka au limefanya tumbo? Usiniambie unachofikiri kilikuwepo, niambie unachokiona.

Huyo wa Chumbageni mwambie tutaonana.

Kijana wa Makorora:

Mzee, nimekaa mlangoni na kioo hadi mama akaniuliza kama naangalia fedha bandia.

Tangi sioni. Boila iko wazi, imefungwa mikanda. Juu yake kuna kuba mbili, moja ndefu kidogo kuliko nyingine. Kwa nje ya magurudumu kuna silinda na ile mikono, lakini pia kuna kijimkono kifupi kimeshikwa kwenye pini ya gurudumu la nyuma. Kutoka hapo unatoka ufito mwembamba kwenda kwenye kipande cha chuma kilichopinda, kinachoning'inia chini ya ubao wa kutembelea. Bomba la moshi limevimba juu.

Na jambo jingine. Kwenye shamba lenyewe, karibu na geti la zamani, kuna magurudumu mawili na ekseli yake, nusu yamezama ardhini, watu wanayakalia wakisubiri bodaboda. Gurudumu moja lina tundu la pili pembeni ya kitovu. Je, ya injini hayo?

Mzee wa Karakana:

Allah! Watu wanakalia makumbusho.

Tuanze na picha. Hicho chuma kilichopinda, na ule ufito unaotoka kwenye pini, ni mitambo ya valvu ya Walschaerts. Ni Mbelgiji huyo, Egide Walschaerts, aliyeibuni mwaka 1844. Wajerumani wanaiita kwa jina la mtu wao, Heusinger, maana kila taifa lina mtoto wake. Injini ya machimbo ya Hunslet haivai mitambo hiyo kwa nje. Kwa hilo tu, mchoro wako wa Wales umekwisha.

Boila kuwa wazi bila tangi maana yake maji yako chini, ndani ya fremu, kati ya magurudumu. Huo ulikuwa mtindo uliopendwa sana na Wajerumani kwenye injini za mashamba. Unapunguza uzito wa juu, na reli ya shambani iliyolazwa juujuu kwenye udongo haitaki mzigo unaoyumba. Kuba ndefu ni ya mvuke, na hiyo fupi nadhani ni ya mchanga, wa kumwaga mbele ya gurudumu linapoteleza. Bomba lililovimba ni la kuzuia cheche, kwa sababu walichoma kuni. Cheche moja kwenye nyasi kavu za mwezi wa pili, meneja analala macho.

Kwa hiyo injini ya babu inaelekea kuwa ya Kijerumani. Watu watakukimbilia kusema ni Orenstein & Koppel, na huenda ni kweli. Kampuni hiyo ilianzishwa Berlin mwaka 1876, na biashara yake ilikuwa kukuuzia reli ya shamba nzima: reli, mataruma ya chuma, vigari, hadi kichwa cha kuvivuta. Lakini Krauss, Jung na Henschel nao walitengeneza injini zinazofanana na hiyo, na mbali ya mita kumi huwezi kuzitofautisha. Usichonge jina lolote kwenye mfano wako mpaka upate namba ya kiwanda.

Na wewe uliyekuwa na hamu ya machimbo usisikitike. Vichwa hivyo vya Kijerumani viliuzwa kwenye machimbo ya mawe vilevile, na viwanda vya matofali, na misitu. Mashine ileile, huku ikavuta kokoto, huku ikavuta mkonge.

Sasa hayo magurudumu. Tundu la pembeni ndilo linalonifurahisha. Gurudumu la kigari halina tundu hilo, kwa sababu kigari hakina konrodi. Tundu ni mahali pa pini. Nenda na vitu viwili: uzi usiovutika, na rula ya chuma. Zungusha uzi kwenye uso wa gurudumu pale linapokanyaga reli, si kwenye ukingo uliotokeza. Kama gurudumu limezama, omba jembe. Kisha pima kutoka katikati ya ekseli hadi katikati ya tundu la pini. Pima na nafasi kati ya migongo ya magurudumu mawili, kwa ndani: lazima iwe pungufu ya 600, vinginevyo hayakuwa ya reli ile.

Mwana wa Pangani:

Naomba niingie kidogo, mimi nilizaliwa kambini, mama alikuwa chumba cha brashi, wanaposafishia nyuzi za mkonge.

Kaka, ukimaliza injini usiiweke peke yake mezani, itakuwa haina maana. Tengeneza na vigari vyake. Vya kwetu vilikuwa bapa, chuma chini, na miti imesimama mwanzo na mwisho, majani yanalazwa kwa kukingamana mpaka juu. Jani la mkonge ni maji matupu. Singa, yaani nyuzi, unayoipata ni kama asilimia 4 ya uzito wa jani bichi, kwa hiyo tani moja ya singa inataka kama tani 25 za majani kutoka shambani. Na majani hayalali: yakikaa yakaanza kukauka, singa inatoka kwa shida na inachafuka. Ndiyo sababu reli ilifuata kila kitalu, na ilikuwa ikihamishwa vipande vipande ukataji ukihama. Watu wanakumbuka injini kwa sababu ya kelele zake, lakini reli nyingi za shambani zilikuwa za kusukuma vigari kwa mikono. Injini ilikuwa njia kuu tu.

Kigari ni rahisi, na mkono utazoea kabla hujagusa kitu cha babu.

Kijana wa Makorora:

Dada wa Pangani, ahsante sana, hilo la vigari sikuliwaza kabisa.

Mzee, nimetoka shamba. Waliokuwa wamekaa walinisaidia kuchimba, wakadhani natafuta rupia za Mjerumani. Uzi umetoa sentimita 182. Kutoka kitovu hadi tundu la pini ni milimita 150, ila tundu limeliwa na kutu, huenda ni 151. Nafasi ya ndani kati ya magurudumu ni 546.

Mzee wa Karakana:

182 ugawe kwa 3.14, unapata 58 kasoro kidogo. Gurudumu lako lina kipenyo cha milimita 580, na lilikuwa kubwa kidogo lilipokuwa jipya, kwa sababu uso unalika. Hiyo 546 inakaa sawasawa kwenye reli ya 600. Magurudumu ni ya reli ile.

Tundu la pini nalo linasema kitu kikubwa. Umbali kutoka kitovu hadi pini ni nusu ya safari ya pistoni, yaani mwendo wake ndani ya silinda kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. 150 mara mbili ni 300. Hunslet za machimbo kama Alice safari yake ni inchi 10, yaani 254, na pini ingekuwa milimita 127 kutoka kitovuni. Kwa hiyo Alice tumeizika mara ya pili. Milimita 300 kamili ni namba ya mtu anayefikiri kwa mita. Lakini ngoja: Mwingereza akitengeneza safari ya inchi 12, hiyo ni 305, na pini inakuwa 152 na nusu. Wewe unaniambia 150 au 151 kwenye tundu lililoliwa. Milimita 2 ndizo zinazotenganisha Leeds na Berlin hapo, kwa hiyo usile kiapo kwa tundu peke yake. Picha na tundu vikisema neno moja, hapo unaweza kupumua.

Mchoro sasa. Huhitaji wa mtu. Piga skani hiyo picha vizuri, kisha ikuze na uichapishe mpaka gurudumu lipime milimita 58 kwenye karatasi. Ukifika hapo, karatasi yote imekuwa mchoro wa moja kwa kumi. Umbali kati ya ekseli, urefu wa fremu, kibanda, ngazi aliyosimama babu, vyote vipime kwa rula, ndivyo vipimo vya mfano wako. Kamera ikiwa imesimama sawa na ubavu wa injini, hakuna njia rahisi kuliko hiyo.

Jihadhari na jambo moja. Gurudumu liko karibu na kamera kuliko boila. Katikati ya boila iko kama sentimita 30 nyuma zaidi. Kama mpiga picha alisimama mita 6, boila itaonekana ndogo kwa takriban asilimia 5. Kwa hiyo ukipima boila na kuba kwenye karatasi, ongeza kidogo. Bomba la moshi vilevile. Silinda na mikono usiguse, viko mbele, tena vinaweza kuonekana vikubwa kuliko haki yao.

Na una shahidi wa bure. Muulize mama yako babu alikuwa na urefu gani. Amesimama kwenye ngazi, upande wa gurudumu. Kwenye karatasi anatakiwa kutoka na urefu huohuo ugawe kwa kumi. Akitoka na futi nane, magurudumu ya getini si ya injini ile.

Karani wa Nyaraka:

Habari zenu. Mimi si fundi, kazi yangu imekuwa majalada, nachangia upande huo.

Kwa picha, anza hapo mjini, Urithi Tanga, ndani ya Boma la zamani. Wana picha za kale za mji na za mkonge, na walioko huko wanapenda watu wanaokuja na swali maalumu kuliko wanaokuja kutembea tu. Nenda na nakala ya picha ya babu, usiende na ile ya asili.

Mtandaoni kuna hazina ya picha za makoloni iliyohifadhiwa na maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt. Inafunguka bure. Andika Tanga, kisha Sisal (mkonge), kisha Plantage (shamba kubwa), kisha Feldbahn (reli ya shamba), moja moja, usiyaweke pamoja. Maelezo yao ni mafupi na mara nyingi hayataji shamba, kwa hiyo angalia kila picha kwa macho.

Majalada ya utawala wa Kijerumani yako Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Ni ya mkono, mengi kwa hati ya Kijerumani cha zamani, kwa hiyo tafuta mtu wa kukusomea kabla hujafunga safari. Kumbuka mpangilio wa miaka: Hindorf, Mjerumani aliyeleta mkonge nchini, aliagiza miche yake mwaka 1893, ikanusurika 62 tu, na reli kubwa ya Tanga ilianza kujengwa mwaka huohuo, ikafika Muheza mwaka 1896. Injini ya shamba la Muheza haiwezi kutangulia hapo. Lakini inaweza kuwa ya baadaye sana, hata enzi za Mwingereza, maana wenye mashamba walinunua mashine popote walipopata. Majalada ya Wajerumani yakiwa matupu usikate tamaa, nenda kwenye yale ya baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia.

Na kama kuna mzee yeyote ana kibao cha shaba ukutani kwake, kilichotoka kwenye injini, mwombe upige picha tu. Usiseme unataka kununua.

Mzee wa Karakana:

Karani amenena. Naongeza: namba ya kiwanda haikai kwenye kibao peke yake. Iligongwa pia kwenye konrodi na vyuma vingine vya mwendo, ili fundi asichanganye vipuri. Ukikuta konrodi limegeuzwa komeo la zizi, lisugue kwa brashi ya waya mwishoni, karibu na tundu. Ila karakana zilihamisha vipuri kutoka injini moja kwenda nyingine. Namba moja haitoshi, mbili zikifanana ndiyo habari.

Kijana wa Makorora:

Wakubwa, nimechapisha karatasi, gurudumu 58 kamili. Babu ametoka milimita 168, na mama anasema alikuwa mtu wa kadiri, futi 5 na nusu hivi. Nimempelekea karatasi akaiweka kitandani, sijarudishiwa.

Nimechapisha nyingine. Umbali kati ya ekseli ni milimita 140. Boila imetoka 71, nikiongeza ile asilimia 5 inafika kama 75. Dukani kuna bomba la plastiki la 75. Nilitumie, au nikunje shaba? Na kwa nini nisifanye moja kwa kumi na tisa, nimeona Waingereza wengi wa bustani wanatumia hiyo na reli ya milimita 32, vifaa vyake vinauzwa?

Mzee wa Karakana:

Vinauzwa wapi? Barabara ya Nane? Moja kwa kumi na tisa ni kipimo cha mtu anayenunua magurudumu tayari. Wewe utayakereza mwenyewe, au utamlipa mtu wa kerezo akukerezee, na gurudumu la 58 atalishika vizuri kuliko la 30. Tena kwa kumi hesabu unaifanya kichwani. Reli yako inakuwa milimita 60. Pini yako inakaa milimita 15 kutoka kitovu. Kijimkono cha Walschaerts kwenye kipimo kidogo ni kazi ya sonara.

Bomba la plastiki tumia, halina aibu. Unachokiona kwenye picha si boila, ni bati jembamba lililovishwa juu yake kuzuia joto, likafungwa na ile mikanda. Kwa hiyo wewe nawe vaa bati juu ya bomba, funga mikanda ya shaba, umefanya walichofanya wao. Ila usilehemu bati likiwa juu ya plastiki, bwana friji. Lehemu kwanza, visha baadaye.

Anza na fremu. Kata mbili kwa pamoja, zimefungwa kwa skrubu, toboa matundu ya ekseli kwa mara moja. Ukitoboa moja moja injini itasimama kama kuku mwenye kiguu.

Mpwa wa Chumbageni:

Mimi nina bati la debe la mafuta ya kula, safi, halijaota kutu. Kijana aje achukue. Nimekagua.

Kijana wa Makorora:

Nakuja kesho kaka. Mzee, kalipa ya kupimia vipenyo sina, rula inanichosha kwenye hizi kuba.

Mzee wa Karakana:

Ninayo. Pita baada ya Alasiri, uje na karatasi yako na hilo bati tulione unene wake. Kalipa nitakuazima kwa fremu tu, ikiisha irudi. Na vigari vya dada wa Pangani usivisahau, anza na kimoja nikione.